Waraka Mmoja, Mahali Pamoja

Ndugu mwenyekiti, ndugu waandaaji, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusikiliza, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya zana za bure za mtandaoni, zile zinazowawezesha watu kuandika, kuhesabu na kupanga pamoja wakiwa mbalimbali, na hasa juu ya namna ya kuanza kuzitumia. Naona wengi mmeshika kalamu, na huenda mnatarajia orodha ndefu ya majina ya programu. Nitataja machache tu, kwa sababu sijawahi kuona kikundi kilichoshindwa kazi kwa kukosa programu. Nimeona vingi vilivyoshindwa kwa sababu wanakikundi hawakukubaliana kazi yao ikae wapi.

Niwaeleze nilivyolijua hilo.

Nilikuwa katibu wa kamati ya watu 11, na tulipewa wiki mbili kuandika ripoti ya mwaka. Tukafanya kama tulivyozoea. Niliandika rasimu, nikaiambatisha kwenye barua pepe, nikawatumia wenzangu wote ili kila mmoja aongeze sehemu yake. Siku ya tatu nilikuwa na rasimu nane. Kila aliyeipokea alikuwa amefungua nakala yake, akaandika, akanirudishia. Mmoja alikuwa amenyoosha aya ambayo mwingine ameshaifuta. Wawili walikuwa wameandika hitimisho, kila mmoja lake, na yote mawili mazuri. Siku nne zilizofuata sikuandika neno jipya hata moja. Nilikuwa nashona vipande.

Siku ya kusomwa ripoti, mweka hazina wetu, dada mmoja mpole sana, aliinua mkono akauliza kurasa zake ziko wapi. Alikuwa ameandika kurasa mbili za maelezo ya matumizi, usiku, watoto wakishalala. Zilikuwemo kwenye nakala ya sita, ambayo mimi niliamini nimeshaichukua yote. Sikuwa na jibu. Hakugomba. Alikaa chini, na kikao kilichofuata hakuja, wala kile kilichofuata baada ya hapo. Ninajifunza mambo haya, na ninayafundisha, kwa sababu ya zile kurasa mbili.

Tangu wakati ule kila kikundi kinachoniita nakiuliza swali moja kwanza: waraka wenu uko wapi?

Ukiambatisha faili kwenye barua pepe au ukiirusha kwenye kundi la simu, unazalisha waraka mwingine. Ukiwatumia watu 10, sasa zipo nyaraka 11 zenye jina moja, na kuanzia dakika hiyo kila mmoja unakwenda njia yake. Zana ninazozisema leo zinaligeuza jambo hilo. Waraka unatulia mahali pamoja, kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia watu kupitia mtandao, una anwani yake kama ukurasa wowote wa tovuti, na watu ndio wanaoufuata. Anayeufungua kwa kivinjari chake, ile programu ya kutazamia tovuti, anaona kile kile mnachokiona ninyi, likiwemo neno lililoandikwa sekunde iliyopita.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu humu. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart alitumia kama saa moja na nusu kuonyesha mbele ya hadhira namna kompyuta inavyoweza kusaidia akili za watu wanaofanya kazi pamoja. Alishika kipanya, kitu ambacho hadhira ile ilikuwa haijakizoea kabisa, na akashughulikia maandishi yale yale pamoja na mwenzake aliyekuwa mji mwingine, Menlo Park, huku wakionana kwenye skrini. Mtu wa kawaida alisubiri zaidi ya miaka 35 kupata kitu cha namna hiyo. Mwaka 2005 ilitokea programu ndogo iitwayo Writely, iliyofanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Google waliinunua mwaka 2006, na ndimo ilimotoka Google Docs ya leo.

Kuna swali ambalo huulizwa na watu makini, nami nalipenda: ikiwa watu wawili wanaandika sentensi moja kwa wakati mmoja, kwa nini haivurugiki? Tuchukue maneno haya: "Mkutano ni Jumatatu". Mimi naongeza "mkuu" baada ya "Mkutano". Wewe, sekunde ile ile, unafuta "Jumatatu" unaweka "Jumanne". Kompyuta yako inajua kwamba Jumatatu inaanzia herufi ya 12, ukihesabu na nafasi, na inapeleka agizo: futa herufi nane kuanzia ya 12, weka Jumanne. Lakini neno langu limeshaingia, limeisukuma Jumatatu mpaka herufi ya 17. Agizo lako likitekelezwa kama lilivyo, tutapata "Mkutano mkuJumanneatatu". Kwa hiyo agizo halitekelezwi kama lilivyo. Linarekebishwa kwanza: kwa kuwa mwenzako ameongeza herufi tano kabla ya hapo, kumi na mbili yako sasa ni kumi na saba. Tunapata "Mkutano mkuu ni Jumanne", na hakuna kati yetu aliyejua kwamba tulikaribia kugongana.

Njia hiyo ya kurekebisha maagizo ilielezwa mwaka 1989 na Clarence Ellis na Simon Gibbs. Ellis namtaja kwa makusudi. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari katika sayansi ya kompyuta, mwaka 1969. Alipokuwa kijana wa miaka 15 alipata kazi ya zamu ya usiku kwenye kampuni iliyokuwa na kompyuta, akazitumia saa zile za upweke kusoma vitabu vya maelekezo ya mashine ile. Kila mara vishale viwili vya rangi mbili vinapopishana kwenye ukurasa mmoja bila kuumizana, kazi ya mtu huyo imo ndani yake.

Sasa tuje kwenye kuanza.

Mnahitaji kivinjari, akaunti, na kazi moja inayowasumbua tayari. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Kikundi kinasikia habari za zana, kinafungua akaunti tano kwa siku moja, kalenda, ubao wa kazi, chumba cha mazungumzo, hifadhi ya picha, na baada ya mwezi hakuna hata moja inayoguswa. Chagueni kero moja. Ikiwa kila wiki mnabishana juu ya kilichoamuliwa kwenye kikao, anzeni na muhtasari wa kikao. Ikiwa hamjui nani amelipa mchango na nani bado, anzeni na jedwali la michango. Mkae na zana hiyo moja mpaka mtu wa mwisho, yule anayeogopa kugusa, aifungue mwenyewe bila kuelekezwa. Hapo ndipo muongeze ya pili.

Ipi mchukue? Nitasema wazi kwamba watu hupoteza muda mwingi hapa kuliko panavyostahili. Akaunti ya bure ya Google inakupa gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya barua pepe, faili na picha zako. Humo mna Docs ya maandishi, Sheets ya majedwali, Slides ya maonyesho na Forms ya madodoso. Akaunti ya bure ya Microsoft inakupa gigabaiti 5 za OneDrive, hifadhi yao ya faili mtandaoni, pamoja na Word, Excel na PowerPoint zinazofanya kazi ndani ya kivinjari. Ikiwa wengi wenu tayari mna akaunti ya mmoja wa hao, nendeni huko. Kurahisishiana kuingia kuna thamani kuliko kitufe kizuri zaidi.

Kuna na njia za wasiotaka kufungua akaunti, au wasiotaka kampuni isome wanachoandika. Etherpad ni programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, inayowekwa kwenye seva za watu na taasisi mbalimbali. Unafungua ukurasa, unaweka jina lako, unaanza kuandika, na maneno ya kila mtu yana rangi yake. CryptPad inafunga maandishi kwa fiche kabla hayajatoka kwenye kompyuta yako, hivi kwamba hata wenye seva hawawezi kuyasoma. Malipo ya usalama huo ni kwamba ukisahau nenosiri lako la CryptPad, hakuna ofisi ya kukurudishia. Kwa mambo ya siri ya kweli mimi naona biashara hiyo inafaa.

Haya, waraka umefunguliwa, una kichwa, una tarehe. Sasa mnafika kwenye kitufe cha kushiriki, na hapa naomba tusikimbie, maana makosa mengi niliyoyaona yalizaliwa kwenye kitufe hiki.

Kitufe hicho kinauliza mambo mawili. La kwanza, ni nani anayeingia? Unaweza kuwaalika watu kwa anwani zao za barua pepe, mmoja mmoja, au unaweza kusema kwamba yeyote mwenye kiungo aingie. La pili, akiingia afanye nini? Atazame tu, aandike maoni pembeni, au ahariri maandishi yenyewe.

Kiungo kilicho wazi kwa yeyote ni kama ufunguo uliochongwa nakala zisizo na idadi. Unamtumia mtu mmoja, anampa mwenzake kwa nia njema, huyo anakirusha kwenye kundi la watu mia mbili, na wewe huna tena habari. Niliwahi kufunguliwa jedwali la kikundi fulani nikasaidie hesabu. Lilikuwa na majina, namba za simu, na safu iliyoeleza nani ana ugonjwa gani, kwa sababu walikuwa wanapanga msaada wa matibabu. Wazo lao lilikuwa la huruma kabisa. Kiungo kilikuwa wazi, na haki iliyowekwa ilikuwa ya kuhariri. Mtu yeyote aliyekipata angeweza kusoma magonjwa ya wenzake, na angeweza kuyabadilisha. Tulilifunga siku ile ile, lakini nani aliyekuwa ameshaliona hatukuweza kujua.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sijapata sababu ya kuilegeza: chenye jina la mtu, namba yake, fedha yake au afya yake, kialikiwe watu kwa majina. Kiungo cha wazi kibaki kwa vitu ambavyo ungeweza kuvibandika ukutani mbele ya wapita njia. Na kila baada ya miezi michache fungueni orodha ya walioalikwa muitazame. Mtakuta mtu aliyeondoka kikundini zamani bado ana ufunguo.

Waraka ukishakuwa na watu wengi ndani, linakuja suala la adabu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na waraka wenye wahariri 11 na hakuna mwenye dhamana huenda mrama hivyo hivyo. Kila waraka uwe na mlezi mmoja, jina lake liandikwe juu kabisa. Mlezi haandiki kila kitu. Anaamua lini rasimu imekwisha, na anapokea mapendekezo.

Nikisema mapendekezo nina maana ya kitu mahususi. Google Docs ina hali ya kupendekeza, iliyoletwa mwaka 2014, na Word inayo ya kwake ya kufuatilia mabadiliko. Ukiiwasha, unachokifuta hakipotei, kinachorwa mstari. Unachokiongeza kinaonekana kwa rangi. Na mlezi anakubali au anakataa. Nawasihi muizoee kabla ya mambo mengine yote ya kupendeza. Kumfutia mtu sentensi yake kimya kimya, aikose asubuhi, kunauma. Kumwekea pendekezo ni kumwambia: nimekusoma, naona hivi, wewe waonaje? Nimeona mzee mmoja aliyekataa katakata kuandika kwenye kompyuta akabadilika siku alipoona kijana amempendekezea herufi moja tu, na pembeni ameandika, "Mzee, hapa nadhani ni 'l' badala ya 'r', naomba uthibitishe." Alithibitisha. Tangu hapo haachi kuandika.

Maoni ya pembeni yana faida nyingine. Mazungumzo juu ya sentensi yanakaa kando ya sentensi. Mkibishana juu ya aya ya tatu kwenye kundi la simu, kesho hoja zimezama chini ya salamu na picha. Zikiwa pembeni mwa aya, atakayekuja mwaka ujao ataona kwa nini mliandika mlivyoandika. Ukiweka alama ya @ na anwani ya mtu ndani ya maoni, anapata taarifa kwamba anaitwa. Mkimaliza jambo, mnalifunga.

Na hofu ya kuharibu? Hiyo ndiyo hofu kubwa kuliko zote kwa anayeanza, na inastahili jibu la kweli. Waraka wa mtandaoni unakumbuka. Ndani ya menyu ya faili mna historia ya matoleo: ukiifungua unaona waraka ulivyokuwa jana, juzi, saa nne asubuhi, na nani aliongeza nini kwa rangi yake. Ukitaka kurudi nyuma, unachagua toleo, unarudisha. Hata ukitupa waraka mzima kwenye pipa la Google Drive, hifadhi ya faili ya Google, unakaa humo siku 30 kabla haujafutwa kabisa. Napofundisha wageni, somo la kwanza ninalowapa ni kuharibu. Nawaambia wafute ukurasa wote, wauone mtupu, kisha waurudishe. Ukifanya hivyo mara moja mikono inaacha kutetemeka. Kama ningekuwa na historia ya matoleo siku zile, kurasa mbili za yule dada zingepatikana kabla ripoti haijasomwa.

Majedwali nitayapitia kwa ufupi, ingawa yana utamu wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jedwali la pamoja ndilo daftari ambalo kila mwenye haki anaweza kulifungua akiwa kwake. Shikeni jambo moja tu: mstari mmoja kwa kitu kimoja, safu moja kwa taarifa ya aina moja. Malipo ya Asha ya mwezi wa pili yawe mstari wake, na ya mwezi wa tatu mstari mwingine. Msiandike "Asha, amelipa nusu, atamalizia" ndani ya kisanduku kimoja, maana mashine haiwezi kujumlisha maneno. Mkiheshimu hilo, kujumlisha, kupanga na kuchuja vinakuja vyenyewe. Ikiwa mnakusanya taarifa kutoka kwa watu wengi, msiwafungulie jedwali. Wapeni fomu. Kila anayejaza anaona maswali yake tu, na majibu yanaingia kwenye jedwali mstari kwa mstari bila mtu kugusa ya mwenzake.

Mikutano ya video wengi mnaijua tayari. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40. Google Meet ya bure, mkiwa watatu au zaidi, baada ya dakika 60. Jitsi Meet ni programu huria, na yeyote mwenye seva anaweza kuiendesha mwenyewe. Ninachoongeza ni hiki: ajenda iwe kwenye waraka ulio wazi mbele ya wote tangu siku mbili kabla, na muhtasari uandikwe humo humo mkutano ukiendelea, wote wakiona. Mkifanya hivyo mtagundua kwamba mikutano kadhaa haikuhitajika, kwa sababu mambo yalikwisha kwenye maoni ya pembeni. Kwa mwenye mtandao dhaifu hili ni haki pia. Maandishi ni mepesi mno. Video ya saa moja inakula data ambayo ingemtosha mtu kuandika kwa muda mrefu sana. Kikundi kinachoamua mambo yake yote kwa video kimeshawatoa nje baadhi ya watu wake bila kuwaambia.

Kwa hao hao wenye mtandao wa kukatika, washeni hali ya kufanya kazi nje ya mtandao mapema, mkiwa bado mna intaneti. Google Docs inayo, kwenye vivinjari vya Chrome na Edge na kwenye programu yake ya simu. Unaandika, na mtandao ukirudi maneno yako yanapanda yenyewe.

Kuna zana za kupanga kazi, kama Trello, ambapo kila kazi ni kadi na unaiburuta kutoka safu ya "bado" kwenda "inaendelea" kwenda "imekwisha". Ni nzuri. Lakini kikundi cha watu watano kinaweza kufanya hivyo hivyo kwa jedwali lenye safu nne: kazi, nani, lini, imefikia wapi. Anzeni na jedwali. Likiwashinda, ndipo muhamie.

Sasa niseme juu ya neno "bure", maana ningekuwa sijawatendea haki nikiliacha.

Seva zinakula umeme, zinahitaji mafundi, na kuna anayelipa. Kampuni nyingine zinapata fedha kwa matangazo, nyingine kwa kuwauzia wachache nafasi kubwa zaidi na mashirika huduma kamili, na ninyi mnapewa bure mkitarajiwa siku moja kuwa wateja. Sioni aibu kutumia mlango huo; nimeutumia miaka mingi. Lakini aliyefungua mlango bure anaweza kuufunga. Google Wave, zana ya kuandika na kuzungumza pamoja, ilitangazwa mwaka 2009 kwa shangwe, na mwaka 2010 Google wakasitisha kuiendeleza. Wunderlist, orodha ya kazi iliyopendwa na watu wengi, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2015 na ikazimwa Mei 2020. Jamboard, ubao wa kuchorea pamoja wa Google, ilifungwa mwisho wa mwaka 2024. Skype ya kupigiana simu mtandaoni, ambayo kuna watu walidhani haitakufa, ilizimwa Mei 2025. Na akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wenu ni faili mnazoweza kuzishika wenyewe. Mara moja kila robo mwaka, mtu mwenye dhamana apakue nyaraka muhimu na kuziweka kwenye diski mbili zinazokaa sehemu mbili. Google ina huduma iitwayo Takeout, iliyoanza mwaka 2011, inayokufungia data yako yote uipakue. Hifadhini kwa muundo ambao programu zaidi ya moja inaweza kuufungua. ODF ni muundo wazi uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006, na LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, inaufungua bila malipo.

Lakini kufungwa kwa huduma siyo hatari iliyotuumiza sisi. Kilichotuumiza ni akaunti ya mtu. Kikundi kimoja nilichokuwa mwanachama kilijenga kumbukumbu zake za miaka mitatu ndani ya akaunti binafsi ya kijana mmoja aliyekuwa hodari kuliko sisi sote. Alipata kazi mbali, akabadilisha namba ya simu, akasahau nenosiri, na namba ya kuthibitishia ilikuwa ile ya zamani. Hakufanya ubaya wowote. Alijaribu mwezi mzima kuingia, akashindwa, na mihtasari yetu ya miaka mitatu ikabaki nyuma ya mlango ambao hakuna kati yetu aliyekuwa na ufunguo wake. Waraka unaishi ndani ya akaunti ya aliyeuanzisha, na walioalikwa ni wageni tu. Sisi tulikuwa hatujaalikana hata hivyo; tulikuwa tunamwomba yeye atusomee.

Kwa hiyo, kabla hamjaandika waraka wa pili, fungueni akaunti ya kikundi chenyewe, isiyo ya mtu. Nyaraka zote zizaliwe humo. Watu wawili wanaoaminika, wasiokaa nyumba moja, wawe na njia ya kuifikia. Nenosiri lake lisitumike penginepo. Liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana yanatosha. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai namba ya ziada baada ya nenosiri, kisha chapisheni zile namba za akiba zinazotolewa wakati wa kuuwasha, mziweke kwenye bahasha pamoja na hati zenu nyingine. Uongozi ukibadilika, kukabidhi bahasha hiyo kuwe sehemu ya makabidhiano, kama mnavyokabidhi mhuri.

Yule mweka hazina alirudi, kwa wale mliokuwa mnajiuliza. Nilimfuata mwenyewe, nikamwomba radhi, na mwaka uliofuata ripoti tuliiandika kwenye waraka mmoja. Nilimtumia mwaliko wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiku ule niliufungua nikaona kishale cha rangi ya zambarau kikitembea taratibu kwenye sehemu ya matumizi. Nilikaa nikikitazama mpaka alipomaliza.

Nimeandika anwani fupi ubaoni. Inafungua waraka ambao kwa sasa una neno moja tu juu: Maswali. Nimeweka haki ya kuhariri kwa yeyote mwenye kiungo, kwa hiyo msiandike humo majina kamili wala namba za simu. Mnaweza kuandika, na mnaweza kufuta. Kikifutwa kitu tutakirudisha hapa hapa mkiona. Ambaye simu yake haina intaneti amsogelee jirani. Andikeni, nami nitajibu kuanzia swali la juu.